Manjano ya Sokoni Mwanza: Vidole, Slesi au Unga, Kipi Kinastahili Pesa Yako

Kwenye masoko ya Mwanza, kuanzia Mlango Mmoja hadi Kirumba na Igoma, manjano huuzwa kwa sura tatu. Kuna vidole vikavu vizima, vigumu kama kokoto. Kuna slesi nyembamba zilizokauka zikajikunja kingo. Halafu kuna unga, ama wa kopo lenye lebo, ama wa beseni lililo wazi, unaopimiwa kwa kijiko. Tumevipima vyote kwa jicho la mtu anayetafuta dawa ya nyumbani. Anayetaka rangi ya mchuzi tu anaweza kuridhika na kidogo. Vidole vizima tumevipa 8 kwa 10, slesi 7, unga wa kopo 5, unga wa beseni 3.

Kwanza jina, maana hapo ndipo wengi hukosea. Ukiomba "binzari" unaweza kufungiwa mchanganyiko wa viungo vya mchuzi wenye giligilani ndani yake, au binzari nyembamba, ambayo ni mbegu ya mmea mwingine kabisa. Sema "manjano", na uyaone kabla hayajafungwa.

Dawa imekaa wapi ndani ya kidole

Alama tulizotoa hazieleweki bila kukipasua kidole chenyewe, kwa hiyo tuanzie hapo.

Kidole cha manjano si mzizi. Ni shina lililolala chini ya udongo, tunguu, kama lilivyo la tangawizi. Ndiyo maana lina pingili, lina pete mahali majani yake madogo ya magamba yaliposhika, na lina macho yanayochipua. Mizizi halisi ni zile nyuzi zinazokatwa wakati wa kusafisha. Mmea wenyewe, Curcuma longa, una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, jumla 63, na kwa sababu hiyo ni tasa. Huzalishwa kwa kupanda vipande vya tunguu tu, na mtoto hurudia tabia za mama yake. Kipande hafifu cha kupandia kitaendelea kutoa manjano hafifu hata mkulima akijitahidi vipi kwenye kukausha.

Ukikata kidole kikavu kwa msumeno mdogo na kulowanisha uso uliokatwa, utaona kwa macho matupu duara mbili. Nje kabisa kuna gamba la koki, tabaka chache za seli bapa zilizokufa, zenye kazi ya kuzuia maji. Ndani yake kuna koteksi, yaani tabaka la nje la nyama ya tunguu. Kisha kuna mstari mwembamba wa mviringo, endodemisi, unaotenganisha koteksi na silinda ya kati. Silinda hiyo ina upana wa kama mara mbili ya koteksi, na mishipa ya kupitishia maji na chakula imetawanyika ndani yake kama nukta, mingi ikisongamana karibu na ule mstari.

Sasa weka kipande chembamba cha tunguu bichi chini ya hadubini, hata ile ya maabara ya sekondari inayokuza mara 400. Utaona seli nyingi za parenkima, seli za kawaida za kuhifadhi chakula, zenye kuta nyembamba, zimejaa punje za wanga zenye ukubwa wa maikromita 4 hadi 15 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), nyingi zikiwa bapa na zenye ncha upande mmoja kama kifuko. Katikati ya seli hizo, kwenye koteksi na kwenye silinda pia, kuna seli za aina nyingine zilizotawanyika mojamoja: seli za mafuta. Kuta zake zimepakwa suberini, kitu kilekile kinacholifanya gamba la koki lisipitishe maji, na ndani kuna matone ya rangi ya manjano iliyokolea kuelekea chungwa. Hayo matone ndiyo unayolipia. Sehemu kubwa ya uzito uliobaki ni wanga, nyuzi na maji.

Matone hayo yana vitu vya namna mbili. Namna ya kwanza ni kurkumini na ndugu zake wawili wa karibu sana, ambao ndio rangi. Namna ya pili ni mafuta tete, yenye tumeroni kwa wingi, ambayo ndiyo harufu. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mimea dawa ya mwaka 1999, linataka manjano ya dawa yawe na kurkumini na ndugu zake angalau asilimia 3, na mafuta tete angalau asilimia 4. Kwa maneno mengine, manjano yanayojaza kiwango kwa rangi lakini hayana harufu yamepoteza zaidi ya nusu ya kile kinachotakiwa.

Tabia za vitu hivi viwili hazifanani. Mafuta tete huruka kwa joto na kwa hewa. Kurkumini haziruki, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na jiko la nyumbani halifiki huko kukiwa na maji chunguni. Lakini kurkumini huuawa na mwanga wa jua na huvunjwa na magadi au kitu chochote cha jamii ya magadi. Ushahidi uko kwenye nguo. Kanga yenye doa la mchuzi wa manjano ukiipaka sabuni ya mche, doa linageuka jekundu papo hapo: hiyo ni kurkumini imekutana na alkali. Ukiianika juani siku mbili tatu, doa linafifia lenyewe: hiyo ni kurkumini imekufa kwa mwanga. Kinachotokea kwenye kanga hutokea pia kwenye chupa ya kioo iliyopangwa mbele ya duka linalotazama jua la saa nane.

Vidole vizima: 8 kwa 10

Vidole vizuri vina urefu wa sentimita 4 hadi 7 na unene wa sentimita 1 hadi 1.5. Vimechemshwa kabla ya kukaushwa, na kuchemshwa huko kunaacha alama ambazo mnunuzi anaweza kuzisoma pale pale sokoni.

Vunja kimoja. Kikikatika kwa mlio mkavu, kama ufito wa chuma ukigonga jiwe, kimekauka vya kutosha. Kikijipinda kwanza au kikakatika kimyakimya, kina maji bado, rudisha. Unyevu ukizidi kama asilimia 12 ukungu huanza, na huku ukingoni mwa ziwa wakati wa masika hilo halichukui wiki nyingi.

Kisha tazama mahali kilipovunjika. Panapaswa kung'aa kidogo kama pembe ya ng'ombe, rangi ikiwa imekolea na kulingana kutoka ukingoni hadi katikati. Mng'ao huo ni wanga uliopikika: punje zimevimba, zikapasuka, zikashikana kama gundi, halafu gundi ikakauka. Rangi imelingana kwa sababu joto limezivunja baadhi ya seli za mafuta na kuisambaza rangi kwa majirani. Ukiona katikati kuna unga mweupe kama chaki, kidole hakikuiva. Kitavunjikavunjika ovyo ukikitwanga, na macho yake yanaweza kuwa hai bado. Ukiona kahawia iliyofifia na harufu kama ya viazi, kilipikwa kupita kiasi, mafuta yakaondoka na mvuke.

Faida kubwa ya kidole kizima ni kwamba bado kimejifungia. Gamba la koki liko, gundi ya wanga imeziba mianya, na seli nyingi za mafuta hazijaguswa na hewa. Vidole vilivyokaa kwenye gunia kavu hata mwaka mzima bado vinanukia ukivivunja. Hakuna sura nyingine ya manjano yenye uvumilivu huo.

Kuna kasoro moja inayoweza kufuta alama zote, nayo ni vidole vilivyopakwa rangi. Mwaka 2019 watafiti waliofanya kazi Bangladesh walionyesha kwamba wasindikaji walikuwa wanang'arisha vidole vibaya kwa kromati ya risasi, poda ya njano ya viwandani. Serikali ya huko iliwabana, na kufikia 2021 sampuli za masokoni hazikuwa nayo tena. Hatusemi imo kwenye masoko yetu. Tunasema mnunuzi awe na macho, kwa sababu madini ya risasi hayaondoki kwa kuchemsha, na ubongo wa mtoto mdogo ndio huumia zaidi. Kidole halisi kikavu kina ngozi ya njano ya udongo-udongo, yenye mikunjo na vumbi kidogo. Kikiwa na njano kali inayobaki kiganjani kwa kukishika tu, au ukikitia kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu kikaangusha mashapo mazito ya njano kali ndani ya dakika chache, kiache. Hiyo ni ishara tu, haithibitishi. Kipimo cha uhakika hufanywa maabara, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Mfanyabiashara anayenunua kwa magunia hana sababu ya kukisia.

Alama mbili tumezikata kwa sababu ya usagaji. Vidole hivi huvunja visu vya blenda ya kawaida. Njia inayofaa ni hii. Chukua robo kilo, futa vumbi kwa brashi kavu, usivioshe. Vitwange kwenye kinu cha mbao au cha chuma mpaka vipande viwe na ukubwa wa punje ya mahindi. Vitandaze kivulini penye upepo saa chache ili unyevu ulioshikwa kwenye gunia uondoke. Ndipo uvitie kwenye blenda ya kusagia vikavu, vijiko vikubwa vinne vinne, ukiwasha sekunde 20 na kupumzisha dakika moja. Ukigusa jagi likawa la moto, mafuta tete yameanza kuondoka na harufu utaisikia chumba kizima; harufu inayojaa jikoni ndiyo iliyokosekana kwenye chupa. Chekecha, chenga zirudie. Saga ya wiki tatu au nne tu, iliyobaki iache vidole.

Slesi: 7 kwa 10

Slesi hukatwa kutoka tunguu bichi na kukaushwa bila kuchemshwa. Kwa harufu zinaweza kuvishinda vidole, kwa sababu mafuta hayakupita kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Ukizivunja ndani zina unga unga: wanga haukupikika, punje bado nzima, na chini ya hadubini zinaonekana na vile vincha vyake. Hiyo ni kawaida ya slesi, usiione kasoro.

Tatizo lake ni uso. Kila kisu kinapopita kinafungua seli zote za mafuta zilizokuwa kwenye njia yake, na slesi ina nyuso mbili. Slesi ya milimita 3 au 4 inakauka vizuri na bado ina kiini kilichofichwa. Zile nyembamba kama karatasi, ambazo wanunuzi wengi huzipenda kwa kuwa zinavutia na kusagika kwa urahisi, karibu zote ni uso mtupu. Zikianikwa juu ya mawe au bati juani, zinakauka siku hiyohiyo na kufifia siku hiyohiyo. Namna ya kupima ni rahisi: vunja slesi moja na ulinganishe rangi ya uso na ya ndani. Tofauti ikiwa ndogo, ilianikwa kivulini au kwenye kaushio. Uso ukiwa wa rangi ya majani makavu na ndani chungwa, jua limekwisha kula sehemu yako.

Nusa pia. Kuna slesi sokoni zilizokaushwa kwenye vichanja vya dagaa au kuwekwa gunia kwa gunia na dagaa, na harufu hiyo haitoki. Kwa supu ya sato haisumbui, kwa chai ya manjano inatapisha. Na kwa kuwa slesi hazikupita kwenye maji ya moto, vijidudu vya udongo vinaweza kuwa bado vimo. Zichemshe dakika 10 sufuria ikiwa imefunikwa, usizitafune kavu wala kuziloweka kwenye maji baridi tu.

Unga: 5 kwa kopo, 3 kwa beseni

Kusaga ni kuvunja kila ukuta tuliouelezea hapo juu. Gamba la koki limekwisha, endodemisi imekwisha, kuta zenye suberini zimepasuka, na kila tone liko wazi kwa hewa na mwanga. Unga mzuri kabisa uliosagwa leo ni mzuri leo. Ukikaa kwenye beseni mlangoni mwa duka, ukifunuliwa kila mteja anapofika, unageuka rangi ya chakula yenye harufu ya vumbi. Muuzaji anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akakuuzia kitu kilichokwisha.

Kuna na suala la mashine. Unga mwingi husagwa kwenye mashine zilezile za mahindi. Ndani ya mashine hubaki unga wa mzigo uliotangulia, na msuguano huutia manjano joto. Msagaji makini hupitisha kwanza kilo moja ya manjano ya kusafishia na kuitenga. Uliza kama hilo lilifanyika. Jibu litakuambia mengi.

Kisha kuna kuongezewa unga wa mahindi au wa muhogo kwa makusudi. Hapa tunapinga ushauri mmoja unaosambazwa sana: kwamba utie matone ya iodini, na ukiona rangi ya buluu nyeusi basi unga umechakachuliwa. Ushauri huo haufai kitu. Tunguu la manjano lenyewe limejaa wanga, kwa hiyo unga safi kabisa utageuka buluu nyeusi vilevile, na muuzaji asiye na kosa atatukanwa bure. Kinachotofautisha ni umbo. Unga wa vidole vilivyochemshwa huonekana chini ya hadubini kama mabonge ya njano ya wanga ulioshikana, wala punje moja moja hazionekani. Mahindi mabichi huonekana kama punje zenye pembe pembe na kidoa katikati. Muhogo kama punje za mviringo zilizokatwa upande mmoja, mfano wa kingoma kidogo. Ukiona punje safi, nyeupe, za maumbo hayo kati ya mabonge ya njano, umepata jibu. Mwalimu wa baiolojia anaweza kukufanyia hivyo kwa dakika tano.

Jaribio la nyumbani linalosema kweli kidogo ni la magadi. Koroga robo kijiko cha unga kwenye maji, tia magadi kidogo. Kurkumini ikiwapo, mchanganyiko unageuka mwekundu wa matofali. Ukibaki njano, kilichokuwa kinakupa njano ni rangi nyingine. Lakini jaribio hili linakuambia tu kwamba manjano yamo, halikuambii ni kiasi gani wala kama kuna kingine kilichoongezwa. Rangi ya viwandani iitwayo metanili ya njano hugunduliwa kwa asidi kali, na hilo liachie maabara. Maji ya betri ya gari si kifaa cha jikoni.

Hesabu ya bei nayo ni kipimo, tena hakidanganyi kirahisi. Kilo moja ya manjano makavu hutokana na takriban kilo tano za mabichi, wakati mwingine nne, wakati mwingine zaidi ya sita kama yalivunwa machanga. Uliza bei ya jumla ya mabichi, zidisha kwa tano, ongeza kuni, usagaji na nauli. Unga unaouzwa chini ya hapo una kitu ndani yake ambacho si manjano.

Kopo lenye lebo tumelipa mbili zaidi kwa sababu tatu: linazuia hewa, lina tarehe, na lina mtu wa kumuuliza. Tangu 2019 usajili wa vyakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa hiyo tafuta alama yake pamoja na tarehe ya kusagwa na anwani ya msindikaji. Chagua kopo lisilopitisha mwanga. Mfuko wa nailoni unaong'aa, hata ukiwa umechapwa vizuri, tunauweka kundi moja na beseni.

Vidonge

Vidonge vya kurkumini vinavyouzwa madukani tusivihesabu kama manjano. Vingi vimeandikwa miligramu 500 zenye asilimia 95. Hiyo ni miligramu 475 za rangi iliyotolewa kwenye tunguu kwa vimiminika, na mafuta tete yameachwa nyuma. Linganisha: kijiko cha chai kilichosawazishwa cha unga wa manjano kina kama gramu 3, na ukiwa wa asilimia 3 unakupa miligramu 90. Kidonge kimoja kinazidi vijiko vitano. Yameripotiwa matukio ya ini kuumia kwa watumiaji wa vidonge vya aina hii, hasa vilivyotengenezwa vinyonywe zaidi na mwili. Asiviguse mtu bila kumwambia mfamasia dawa nyingine anazotumia.

Kwenye kikombe

Kwa unga, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa tumbo lisilosaga vizuri na lenye gesi ni gramu 1.5 hadi 3 kwa siku, yaani nusu kijiko cha chai hadi kimoja, ukigawa mara mbili au tatu. Madai makubwa zaidi ya hapo, ya kuponya saratani au kisukari, yanasimama zaidi juu ya majaribio ya seli kwenye vyombo vya maabara, ambako kurkumini humwagwa moja kwa moja. Mwilini mambo ni mengine: haiyeyuki kwenye maji, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno.

Ndiyo maana chai ya manjano ya maji matupu huacha tope chini ya kikombe. Tia kwenye maziwa yenye mafuta au kwenye kijiko cha mafuta ya nazi kwanza, koroga, kisha ongeza maji. Pilipili manga husaidia kweli: katika jaribio la 1998 miligramu 20 za piperini, kile kinachoipa pilipili manga ukali wake, zilipandisha kurkumini kwenye damu ya watu mara nyingi sana. Lakini piperini huzuia pia mwili kuzitoa dawa nyingine, zikiwamo baadhi ya zile za kifafa, kwa hiyo asiyetumia dawa nyingine ndiye anayeweza kuitia pilipili manga kwa uhuru. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye mawe kwenye nyongo, na mama mjamzito wabaki kwenye kiasi cha mchuzi tu, wasiyatumie kama dawa. Mwenye historia ya mawe ya figo naye apunguze, kwani manjano yana oksalati nyingi, kitu kinachochangia mawe hayo.

Na usipike manjano pamoja na magadi. Mlenda wenye magadi ukitiwa manjano unakuwa mwekundu wa kutu, na ulichokitia kwa ajili ya afya kinavunjika chunguni.

Ukipata mabichi

Manjano mabichi yanayofika kutoka bustani za karibu ndiyo nafuu kuliko yote kwa mwenye nafasi ya kukausha. Mmea huu hupenda kivuli cha wastani, chini ya miembe au migomba, kama unavyolimwa chini ya miti kule Amani, Muheza. Kivuli kikizidi majani hupendeza na tunguu hubaki jembamba lenye maji. Yaliyopandwa mvua za vuli zinapoanza, Oktoba au Novemba, huwa tayari miezi minane au tisa baadaye, majani yakishanyauka, na hiyo huangukia Juni hadi Agosti, kiangazi. Nunua wakati huo. Ukinunua Machi au Aprili utapata machanga, na mvua haitakupa nafasi ya kuyakausha.

Tenganisha vidole na tunguu mama. Mama mpasue nusu, maana huchelewa kuiva. Maji yafunike vidole kwa sentimita 5, na yachemke dakika 45 hadi 60. Huku tuko mita 1,134 juu ya bahari na maji hutokota kwenye nyuzi kama 96, kwa hiyo usikimbilie dakika 45. Choma kidole kinene kwa kijiti cha meno: kikiingia bila kusukuma, epua. Usitie magadi kwenye maji hata kama utaambiwa yanaleta rangi. Rangi hiyo ndiyo kurkumini ikivunjika. Anika juu ya kichanja kisichowahi kubeba dagaa, tabaka moja, juu yake kitambaa chepesi cha kukata jua, na geuza kila siku. Vidole vitachukua siku 10 hadi 15. Jioni viingize ndani kabla umande wa ziwa haujashuka, kwani kidole kilichonyonya unyevu usiku huanza ukungu kwenye mikunjo ya pingili, mahali ambapo jicho huchelewa kuuona.